Ulipie au Utupe: Bei ya Karata Ambayo Haijaja

Ndugu wasikilizaji, waandaaji walinipa mada ndefu, nami nimeifupisha. Una karata nne za kopa, unaisubiri ya tano ili ziwe tano za aina moja, mkono wenye nguvu, na mwenzako ameshaweka dau. Unalipia, yaani unatoa sawa na dau lake, au unatupa, yaani unaacha mkono huo? Nazungumzia Texas Hold'em ya mtandaoni isiyo na kikomo cha dau: karata mbili mkononi, tano za wote mezani, na mwenye karata tano bora kati ya hizo saba ndiye mshindi.

Tuuchukue mkono mmoja tuukague vizuri. Mkononi una tisa na nane za kopa. Mezani zimefunguliwa tatu: mfalme wa kopa, nne ya kopa, ghulamu wa shupaza. Katikati kuna chipu 100. Mpinzani anaweka 50.

Hapo utamsikia mtu akisema, "Nina asilimia 35, nalipia." Hiyo 35 ni hesabu sahihi kabisa, ila ni ya mtu mwenye uhakika wa kuziona karata mbili za mezani zilizobaki, ya nne na ya tano. Wewe ukitoa 50 umenunua ya nne peke yake. Karata usizoziona ni 47, kopa zilizomo ni 9, kwa hiyo nafasi yako ni asilimia 19. Na bei? Unatoa 50 kugombea jumla ya 200, maana yake unahitaji asilimia 25. Umepungukiwa. (Ile 35 huwa yako kihalali pale chipu zote zinapoingia katikati mapema, kwa kuwa hapo hakuna wa kukudai tena.)

Mzee wetu pale nyuma anatikisa kichwa, na ana haki. Kupungukiwa asilimia sita hakutoshi kukufanya utupe, kwa sababu kopa ikija unaweza kulipwa zaidi ya kilichopo sasa. Basi tuseme umelipia. Karata ya nne ni mbili ya pao; haikukusaidia kitu. Katikati sasa kuna 200, na mpinzani anaweka 150.

Hapa ndipo chipu nyingi hupotelea, kwa hiyo twende polepole. Karata usizoziona ni 46. Tuchukulie kila kopa inakupa ushindi. Chukua hali zote 46: katika 37 unapoteza 150, jumla 5,550. Katika 9 unachukua 350 zilizoko mezani, jumla 3,150. Pengo ni 2,400. Ligawe kwa zile mara tisa unazoshinda: kila kopa inapokuja, mpinzani lazima akuongezee wastani wa chipu 267 kwenye karata ya tano, ndipo utoke sare. Sare tu, faida bado.

Sasa tazama pembeni ya jina lake kwenye skrini, pale panapoonyesha amebakiwa na chipu ngapi. Akiwa na 100, tupa, mjadala umeisha. Akiwa na 900, jiulize kama ni mtu wa kulipa hali kopa tatu ziko mezani na kila mwenye macho anaziona. Wachezaji wazuri husita. Mfululizo, yaani karata tano zinazofuatana, kwa mfano, hujificha vizuri zaidi, ndiyo maana wakati mwingine karata nane zinazokamilisha mfululizo wenye ncha mbili (una 5, 6, 7, 8, unasubiri 4 au 9) zina faida kuliko tisa za kopa. Mfululizo wenye pengo katikati (una 5, 6, 8, 9, unasubiri 7) una karata nne tu za kuukamilisha. Kwa dau kubwa sihangaiki nao.

Halafu si kila kopa ni rafiki. Mwenzako akiwa na maghulamu wawili mkononi, mbili ya kopa inakukamilishia wewe, na kwa kujirudia mezani inamkamilishia yeye nyumba kamili, yaani tatu za namba moja na mbili za nyingine, inayopiga kopa zako tano. Akiwa na ree ya kopa na kopa nyingine, basi unalipia ili upigwe kwa gharama kubwa zaidi. Tisa yako na nane yako ni kopa ndogo, usisahau.

Kuna njia ya tatu ambayo watu huisahau: kupandisha, yaani kuweka dau kubwa kuliko lake. Mpinzani akiweza kutupa, unashinda bila kusubiri karata yoyote. Ila usimfanyie hivyo mtu asiyejua kutupa. Huyo hatishiki.

Mtandao wenyewe nao una mambo yake. Saa inakimbia, meza ni nne kwa mpigo, na kuna kisanduku cha kulipia dau lolote kabla hujaliona, hicho kiacheni. Kwa haraka, zidisha mara mbili idadi ya karata unazozisubiri upate asilimia ya karata moja: tisa ni 18, inatosha. Kumbuka pia tovuti hukata fungu lake katika fedha za mezani, kwa hiyo uamuzi ulio sare kwenye karatasi ni hasara mfukoni. Kwenye mashindano, ukikaribia zawadi, chipu unazopoteza zina thamani kuliko unazopata. Hapo tupa zaidi.

Swali nililoletewa kwenye karatasi: "Mbona kopa yangu haiji kamwe, programu imechezewa?" Kwa asilimia 20 kasoro, unakosa mara nne kati ya tano. Uwezekano wa kukosa mara kumi mfululizo ni kama asilimia 11, yaani ukichukua wachezaji tisa wanaosubiri mara kumi kumi, mmoja hivi ataambulia patupu zote kumi, na huyo ndiye atakayelalamika. Tovuti nyingi hukuruhusu kupakua kumbukumbu za mikono yako. Zipakue, hesabu mikono yote uliyosubiri hadi karata ya tano, ile iliyokuja na isiyokuja. Hamsini hazitoshi kusema lolote. Zikifika elfu kadhaa, niletee tuzitazame.