Kipindi: Likizo ya Kipupwe, Tukiwa Nyumbani

REHEMA: Karibu msikilizaji, popote ulipo, hasa wewe uliyejikunyata ndani ya blanketi. Mimi ni Rehema.

FARAJI: Nami ni Faraji. Dada Rehema, pole na baridi.

REHEMA: Nimeshapoa, kaka. Leo tunazungumzia likizo ya kipupwe, ile ya kubaki nyumbani. Huendi popote, hungoji mgeni. Mwaka jana nilichukua siku kumi, na nataka nianze na pale iliponishinda.

FARAJI: Enhe.

REHEMA: Siku ya kwanza niliamka nikasema leo napumzika. Ilipofika saa tano nilikuwa nimeshusha nguo zote kabatini nazipanga upya. Siku ya pili nikafua mapazia. Siku ya tatu simu ya kazini ikaita, nikapokea, maana nilijiambia, si niko nyumbani tu? Jioni ile niliketi kitandani nikalia kwa uchovu. Siku tatu za likizo zimekwisha na sijakaa kitako hata saa moja.

FARAJI: Hilo "niko nyumbani tu" ndilo lililokuponza. Mtu akisafiri, watu wote wanaelewa kwamba hayupo. Akibaki nyumbani, hata yeye mwenyewe haamini kwamba yuko likizo.

REHEMA: Ndiyo hivyo. Siku ya nne niliwaandikia wenzangu kazini, na ndugu wawili watatu: nipo likizo, nitarudi tarehe fulani. Sikusema niko wapi, na hakuna aliyeuliza.

FARAJI: Lakini simu ilikuwa kikwazo kidogo tu, au nakosea? Nyumbani kwenu mko wengi.

REHEMA: Tuko watano. Na hapo ndipo penye uzito, kaka. Nyumba ikitulia, ujue kuna mtu anaituliza. Watoto wamefunga shule, baba yao yuko likizo, wote wako ndani kwa sababu nje hakukaliki. Vyombo vinaongezeka. Nguo nzito hazikauki. Viatu vyenye maji vinakanyaga sakafu uliyoideki sasa hivi. Wanne wanapumzika, mmoja anahangaika nyuma yao. Ukimuuliza huyo mmoja likizo ilikuwaje, atakwambia ilikuwa nzuri, kwa kuwa aliwaona wenzake wakifurahi.

FARAJI: Nimelelewa katika nyumba ya namna hiyo. Mama yetu sikuwahi kumwona ameketi mchana wa likizo. Nilidhani hapendi kukaa. Nimekuja kuelewa nikiwa mtu mzima, na inaniuma kwamba hatukuwahi kumuuliza.

REHEMA: Watoto hawaoni kazi ambayo imeshafanyika. Wanaona sakafu kavu tu. Kwa hiyo usiku wa siku ya nne niliwaita wote sebuleni, nikazitaja kazi za siku moja kwa sauti, moja baada ya nyingine. Sikugomba. Nilitaja tu: nani anaamka kwanza kupasha nyumba joto, nani anakagua kama soksi za mtoto zimekauka, nani anakumbuka dawa ya kikohozi inakaribia kwisha. Mwanangu mkubwa akasema nusu yake hakuwa akiijua.

FARAJI: Mkagawana?

REHEMA: Kwanza tukaacha, ndipo tukagawana. Mkianza na kugawana, mtagawana hata kazi ambazo hazina haja. Kupiga pasi tuliacha mpaka likizo iishe. Kupanga vitanda, kila mtu na chake, na asiyepanga asisemwe. Zilizobaki zikawa chache, zikatosha watu watano. Mchana uliofuata nililala kama pono. Niliamka jua limeshazama, nyumba kimya, na mtu amenifunika shuka la pili.

FARAJI: Ah. Hilo shuka la pili.

REHEMA: Sijui mpaka leo ni nani.

FARAJI: Hebu nichukulie hapo kwenye jua kuzama mapema, kwa sababu watu wengi hujilaumu kipupwe. Saa moja jioni mtu anapiga miayo, anajiita mvivu. Siku zenyewe ni fupi. Upande wa kaskazini wa dunia, mchana mfupi kuliko yote huwa tarehe 21 au 22 Desemba. Upande wa kusini ni 20 au 21 Juni. Giza likiingia, ubongo unaanza kutoa homoni ya melatonini, inayouambia mwili kuwa usiku umefika. Mwanga mkali unaizuia. Kwa hiyo ukizima taa kubwa za dari jioni, ukabaki na taa ndogo moja, unauacha mwili ufuate saa yake. Na saa hiyo ipo kweli, ndani ya chembe hai zetu. Wanasayansi watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2017 kwa kueleza jinsi inavyofanya kazi.

REHEMA: Basi mtu alale hata mpaka saa sita mchana?

FARAJI: Siku moja mbili, kama una deni la usingizi, lala. Ukiendelea hivyo wiki nzima, saa ya mwili inasogea, na siku ya kurudi kazini utaamka kama mtu aliyetoka safari ya mbali. Mimi napendelea kulala mapema kuliko kuchelewa kuamka. Halafu asubuhi utoke nje. Hata dakika 20, hata mbingu ikiwa imefunga. Mwanga wa sebuleni mara nyingi hauvuki lux 300, lux ni kipimo cha mwanga, lakini nje mchana, hata kukiwa na mawingu, unaweza kuzidi 1,000 bila shida. Jicho halikuonyeshi tofauti hiyo kwa sababu linajirekebisha, ila mwili unaijua.

REHEMA: Wapo ambao utulivu huo unawageukia. Wanajifungia ndani, na badala ya kupumzika wanazama.

FARAJI: Wapo, na tusiwapite. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake waliielezea sonona inayokuja na kipupwe na kuondoka siku zinaporefuka. Mtu analala sana lakini haamki na nguvu, hamu ya mambo aliyoyapenda inakatika, anakwepa watu. Ikidumu wiki mbili, huyo hahitaji likizo zaidi, anahitaji kuonana na daktari. Na kama unaishi peke yako, panga mtu mmoja wa kumpigia kila jioni. Utulivu si lazima uwe upweke.

REHEMA: Naomba niongeze moja la usalama, kwa sababu baridi inatufanya tuzibe kila upenyo. Usilale na jiko la mkaa chumbani. Hata kama makaa yamebaki mekundu bila moshi. Makaa yanatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na aliyelala haamki kuikimbia. Joto lipate mahali pengine: nguo nzito, chupa ya maji ya moto miguuni, kulala karibukaribu.

FARAJI: Na maji ya moto ya kuoga, saa moja au mbili kabla ya kulala. Damu inakuja kwenye ngozi, miguu inapata joto, kisha joto la ndani ya mwili linashuka, na usingizi unakuja upesi.

REHEMA: Wewe likizo yako lini?

FARAJI: Naanza kesho, siku saba. Nimemwomba Mama aje akae kwetu. Nimemwambia asije na aproni.

REHEMA: Atakubali kukaa tu?

FARAJI: Siku ya kwanza hatakubali, namjua. Atasimama, atauliza ufagio uko wapi. Nimeshawaambia watoto waufiche. Na kiti nimekisogeza karibu na dirisha, pale jua la asubuhi linapoingia.

REHEMA: Msalimie sana.

FARAJI: Zimefika, dada.