Remington hakuwahi kufika Tsavo

Assalam aleikum, hamjambo nyote, na nyinyi wa huko nyuma na vikombe vya kahawa sogeeni bwana, spika ya leo sauti yake ni ya kubembeleza mtoto.

Nimeambiwa niongee juu ya muvi za kisa cha kweli. Naanza na yale maandishi meupe kwa skrini nyeusi, kwa sababu tunanasika palepale. Mtu akipigwa kwa muvi ya kutunga wewe waendelea kutafuna krispi zako za muhogo, lakini ukishaambiwa haya yalitokea, mkono unasimama njiani, waanza kujiuliza mamake alipata habari kwa nani. Hiyo ndiyo utamu wake, na wauzaji wanaujua. Kuna muvi ya Marekani ya 1996, Fargo, inafungua kwa kusema mambo haya yalitokea Minnesota mwaka 1987. Wapi! Kisa walikitunga wenyewe, akina Coen, wale ndugu walioitengeneza, maandishi wakayaweka makusudi watu watazame roho juu.

Kwa hivyo mimi sichagui kwa maandishi. Nachagua ile ambayo naweza kupata mtu wa kumuuliza.

Captain Phillips, ile ya 2013 ya Tom Hanks, nilitazama na mjomba wangu, miaka mingi alikuwa kuli bandarini Kilindini. Mimi nangoja atetemeke maharamia wakipanda ngazi, yeye macho yote kwa makontena, "hiyo haijafungwa hiyo", halafu anarudi kwa chai yake. Sasa ile meli, Maersk Alabama, Aprili 2009, ilikuwa inakuja wapi? Hapa! Mabaharia 20, shehena na chakula cha msaada ndani, safari ya Mombasa. Wale maharamia wakaondoka na kapteni kwa boti ya kuokolea watu, meli ikaendelea, ikafika tarehe 11, na kapteni akaja kuokolewa tarehe 12, yaani wenzake washafunga kamba Kilindini yeye bado yuko baharini na bunduki kichwani. Muvi ikabaki na yeye. Mjomba akaudhika wallahi, akasema meli ndiyo hiyo inaingia na nyinyi mwageuza kamera. Na baadaye baadhi ya wale mabaharia walienda mahakamani, wakasema walikuwa wameonywa wakae mbali na pwani ya Somalia na kapteni hakusikiza. Mimi sikati kesi hapa, lakini ukishajua hilo ukiitazama mara ya pili, yule shujaa unamtazama kwa jicho lingine, na muvi haijaharibika, imekuwa tamu zaidi.

Ile ya simba wa Tsavo nayo, The Ghost and the Darkness, 1996, nyote mnaijua, wengine mmeitazama kwa sauti ya DJ, simba anaongea Kiswahili kuliko sisi. Reli ilianza hapa kwetu 1896, zamu ya daraja la Tsavo ikafika 1898, na simba wawili wakawala makuli miezi na miezi mpaka Patterson, msimamizi wa lile daraja, akawaua Desemba. Hayo ni kweli. Ila simba wa kwenye muvi wana manyoya ya shingo kama wafalme, na wale wenyewe hawakuwa nayo, wako Chicago kwa makumbusho nenda kawaone. Muvi yenyewe ilipigwa Afrika Kusini. Na yule mwindaji Remington, Michael Douglas, mnayempenda nyote? Hakuwahi kuweko! Patterson akaja kutaja watu 135 walioliwa, watafiti wakapima nywele na mifupa ya wale simba, 2009 wakasema kama 35. Thelathini na tano wachache kwani? Wengi wao Wahindi waliokuja kwa meli, na ukituuliza majina yao hatuyajui, lakini Remington wa kutungwa jina lake twalijua sote. Mimi hapo ndipo panaponiuma.

Haya, muda. Leo usiku tunaweka The First Grader, ya mzee Kimani Maruge wa Eldoret, aliyeingia darasa la kwanza 2004 akiwa na miaka 84, baada ya masomo ya msingi kufanywa bure, na mwaka uliofuata akapanda ndege mpaka New York kuongea Umoja wa Mataifa. Oliver Litondo ndiye amemwigiza. Sikuichagua kwa sababu yatoa machozi, ingawa yatoa. Nimeichagua kwa sababu ya bi mkubwa huyu wa kiti cha mbele mwenye leso ya kijani, alisoma ngumbaru, ameniambia penseli ya kwanza aliivunja kwa kuikamata kama mwiko. Ikiisha hatuondoki, twamuuliza yeye wapi wamedanganya.

Zimeni ile taa ya mlangoni. Feni wachani, joto hili.