Kuhesabu vimbunga vya heli bila kuvizalisha

Ndugu walimu na wanafunzi, hapa Arusha maji huchemka karibu nyuzi 95, kwa kuwa tuko mita 1,400 hivi juu ya bahari. Heli ya kimiminika nayo haisazwi: pwani huchemka kwenye kelvini 4.2 (karibu nyuzi 269 chini ya sifuri), huku kwetu karibu 4.05. Nafuu hiyo ni ndogo. Tunakotaka kufika ni chini ya 2.17, ambako heli huwa supafluidi, yaani kimiminika kisicho na mnato, na ndani yake huweza kuwamo vimbunga vidogo vya mzunguko tunavyotaka kuvihesabu.

Kazi hiyo hufanywa na pampu, kwa kuvuta mvuke ulio juu ya heli. Shinikizo likishuka hadi milibari 50 hivi, mapovu hukoma ghafla. Msidhani pampu imezimika! Heli imekuwa supafluidi, na inasambaza joto upesi mno hata povu halipati pa kuanzia.

Hapo huanza uvujaji. Chombo kilichopimwa kwenye joto la chumba kikaonekana kizima, huweza kuvuja chini ya 2.17 tu, maana kimiminika kisicho na mnato hupenya tundu dogo kuliko ulilolitafuta. Kwenye maungio safisha mafuta kwa asetoni, laza waya wa indiamu (aina ya metali) wa milimita 1, kaza boliti kwa kupishanisha pande, subiri saa moja, kaza tena. Indiamu ni laini, huendelea kubonyea.

Sasa vimbunga. Mto Themi ukifurika, maji hujizungusha kwa nguvu yoyote. Katika supafluidi, kama mwanafizikia Onsager alivyopendekeza 1949 na mwenzake Feynman akaeleza 1955, kila kimbunga hubeba mzunguko ule ule: namba ya Planck (namba thabiti ya fizikia ya kwanta) ikigawanywa kwa tungamo la atomu moja ya heli. Kiini chake kina upana wa takriban nanomita 0.1, hakionekani kwa macho, kwa hiyo tunavihesabu kwa mawimbi ya joto, yanayokwenda kama mita 20 kwa sekunde. Kipasha joto hukaa upande mmoja, kipimajoto upande wa pili. Vimbunga vikisongamana, kilele cha mwitikio wa kipimajoto hushuka na kutanuka.

Mtego uko kwenye kipasha joto. Ukikiongeza ili usikie vizuri, sehemu ya heli iliyobaki ya kawaida, yenye mnato, husukumwa huku na supafluidi kule, na kupishana huko huzaa vimbunga vipya. Mwanafizikia Vinen alivichunguza hivyo kwa makusudi 1957. Basi punguza nguvu nusu. Kilele kikipungua nusu vilevile, uko salama. La sivyo, bado unahesabu vimbunga ulivyovizaa mwenyewe.