Pua Butu au Macho Makubwa? Namna ya Kuwatenganisha Papa Wawili wa Kina Kirefu

Habari zenu, watazamaji. Hapa mezani nina picha mbili za papa wa maji ya kina. Mmoja ni pua butu, Hexanchus griseus. Mwenzake ni macho makubwa, Hexanchus nakamurai. Tafuta kipande cha uzi, tuanze.

Kwanza, hesabu nyufa za shavuni, pale anapotolea maji. Papa wengi wana tano. Hawa wana sita. Ukipata saba, ishia hapo. Huyo ni jamaa yao, lakini somo la leo si lake.

Sasa usikimbilie urefu. Ni kweli pua butu hupita mita 4, na macho makubwa huishia karibu mita 1.8. Lakini hata pua butu huzaliwa mdogo, sentimita 70 hivi. Kwa hiyo papa wa mita moja na nusu huenda ni mtu mzima wa aina moja, au mtoto wa aina ya pili. Wengi hunaswa hapo.

Pili, tazama kichwa. Pua butu ana pua pana ya mviringo na jicho dogo. Mwenzake pua imechongoka kidogo, jicho kubwa la kijani. Mimi jicho peke yake siliamini, hasa picha ikiwa imepigwa upande.

Tatu, uzi. Wana pezi moja tu mgongoni, tena limekaa nyuma kabisa. Pima kitako cha pezi hilo, yaani pale linaposhikana na mgongo, kata uzi hapo. Kisha ulaze kuanzia kitako kinapoishia hadi pezi la mkia linapoanza. Ukijaa mara moja au kuzidi kidogo, ni pua butu. Ukiingia mara mbili au zaidi, ni macho makubwa.

Nne, taya ya chini. Hapa picha haitoshi, unahitaji papa mwenyewe. Panua mdomo kwa kijiti. Vidole viache mbali, hata kama papa amekufa. Utaona meno mapana yenye ncha nyingi, kama vipande vya msumeno. Hesabu upande mmoja, ukiacha lile la katikati na vile vidogo vya nyuma. Sita ni pua butu. Matano ni macho makubwa. Uzi na meno vikigombana, mimi nafuata meno.

Na kama macho makubwa wako katoka Atlantiki, usiandike nakamurai. Mwaka 2018 watafiti walimtenga kwa vinasaba, na jina lake ni Hexanchus vitulus.