Kabla Hujaongeza Bando, Hamisha Ruta

Asanteni, na wakubwa shikamooni. Mlionisikia mwaka jana mnajua ninachokuja kusema, kwa hiyo sinzieni kidogo, nitawaamsha wakati wa maswali. Nasema tena: intaneti ya nyumbani ikianza kusuasua, usikimbilie kuongeza bando. Inuka ukaangalie ruta umeiweka wapi.

Kuna vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya kila siku. Kuna mtandao unaoingia nyumbani, uwe wa waya au wa laini. Halafu kuna waifai, mawimbi yanayotoka kwenye ruta kwenda kwenye simu yako. Pesa ya bando inaishia kwenye kile cha kwanza. Cha pili kinategemea kuta, umbali na mahali ruta ilipo. Simama kando ya ruta, pima spidi. Nenda chumba cha mwisho, pima tena. Kama kando ya ruta ni nzuri na kule ni mbovu, shida unayo ndani, na huduma kwa wateja utawapigia mpaka kesho.

Kuna mama mmoja Isamilo, hapahapa Mwanza, nyumba yake ya mlimani kama zetu nyingi: sebule juu, vyumba chini, na jiwe kubwa limebaki uani kwa sababu mafundi waliliogopa. Kifurushi ameshakipandisha, na akakipandisha tena. Mwanawe yuko chuo, anasomea chumbani kule chini, video inazunguka tu. Nikauliza, mama, ruta iko wapi? Akanipeleka kwenye shokesi. Mbele runinga pana. Nyuma kioo cha kujitazamia. Ubavuni friji. Ruta yenyewe rafu ya chini kabisa, imefunikwa kitambaa cha kufuma, kizuri kweli, na juu yake maua ya plastiki. "Isipate vumbi," akasema.

Kitambaa tusikisingizie, mawimbi yanakipenya. Kinaichemsha tu ruta. Lakini runinga na friji vina chuma, na kioo kina utando wa madini kwa nyuma. Mawimbi yakifika pale yanarudishwa. Yanayoponea pembeni yanakutana na sakafu ya zege yenye nondo ndani yake. Kijana kule chini atapata nini?

Tukanunua waya mrefu zaidi, ruta tukaipandisha ukutani kwenye korido, pale ngazi zinapoanzia. Antena moja tukaiacha wima, ya pili tukailaza. Wengi hili hawalijui: antena ya kijiti inatupa mawimbi ubavuni, juu na chini yake inatupa machache sana. Nyumba ya tambarare hiyo si shida. Nyumba ya mlimani, iliyoshuka ngazi kwa ngazi, ukisimamisha antena zote unawahudumia majirani. Nguvu ya waifai, ile inayopimwa kwa dBm, simu ya kijana ilikuwa inasoma hasi 80, ikasoma hasi 60. Na msinibishie, namba hizi ni za hasi, 60 ni bora kuliko 80. Kila hatua ya 10 ni nguvu mara 10, kwa hiyo pale tulipata mara 100. Kifurushi akakirudisha kile cha mwanzo.

Nikamwambia pia asije akaweka tanki la maji wala tangi la kioo la samaki wa mapambo karibu na ruta, maana maji yanakula mawimbi. Hapo najua mtu wa Kirumba anajiandaa: mbona nikiwa kwenye kivuko cha Kamanga, maji pande zote, simu inashika vizuri? Ndugu yangu, pale mawimbi yanapita juu ya maji. Hayapiti ndani yake. Juu ya ziwa hakuna ukuta, hakuna jiwe, hakuna bati, yanateleza yanavyotaka. Kama huamini kwamba maji yanayala, fikiria jiko la maikrowevu: linatumia masafa ya karibu gigahezi 2.4, yaleyale ya waifai, na linapasha chakula chako kwa sababu maji yaliyomo yanayameza. Na kwa kuwa masafa ni yaleyale, likiwashwa jikoni, waifai ya simu iliyo jirani inaanza kukwama.

Naonyeshwa saa. Haya, haraka. Ruta ya laini iweke dirisha linaloelekea mnara. Kama katikati yenu kuna mlima wa mawe, jaribu dirisha jingine, halafu ndani vuta waya. Waifai ya masafa ya gigahezi 5 ina kasi lakini kuta inaziogopa. Chumba cha mbali tumia 2.4. Mnaobanana Mabatini na Igogo, kwenye 2.4 chagueni chaneli, yaani njia ndogo ndani ya masafa hayo, namba 1, 6 au 11, hizo haziingiliani, na angalieni majirani wamejazana ipi. Ripita, kile kifaa kinachopokea waifai na kuirudia mbele, usiiweke kwenye chumba kisichoshika, itarudia nini? Iweke katikati ya njia, mahali ambapo waifai bado ina nguvu. Nenosiri la kiwandani badilisha leo, maana mpangaji wa jirani ameshalisoma kwenye kibandiko.

La paa za bati sikuligusa, basi tena. Mzee wa pale mlangoni, mkono wako nimeuona tangu nilipotaja friji. Karibu.