Namba ya Toleo Pekee Haitoshi

NEEMA: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo tuna swali moja. Umesakinisha Python, ile lugha ya kuandikia programu, na kisakinishi kimekuambia kimemaliza. Utajuaje kwamba imekaa sawasawa?

JUMA: Wengi hufungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, huandika python --version, wakiona Python 3.12.4 wanaridhika. Nami nilikuwa hivyo hivyo.

NEEMA: Ubaya uko wapi, kaka?

JUMA: Namba ile inakuhakikishia jambo moja tu, kwamba kuna programu ya jina hilo iliyoitika. Ipi, na kutoka wapi, haisemi. Siku moja niliweka maktaba ya requests, yaani msimbo ulioandikwa tayari na wengine, kwa pip, programu ya kuwekea maktaba za Python, ikaingia vizuri. Naandika import requests, napata ModuleNotFoundError, yaani maktaba haionekani! Nikarudia mara tatu, jioni nzima ikaishia hapo.

NEEMA: Kumbe?

JUMA: Kumbe Python zilikuwa mbili. pip ilikuwa ya ile ya zamani, na mimi naendesha mpya.

NEEMA: Hapo tuieleze PATH polepole, maana ndiyo inayowasumbua wanaoanza. PATH ni orodha ya folda. Ukiandika python, kompyuta inazipitia folda hizo kwa mpangilio wake. Ikiikuta programu ya jina hilo, inaiendesha na kuacha kutafuta. Kama ya zamani imetangulia kwenye orodha, mpya haitafikiwa.

JUMA: Kwa hiyo uliza mahali. Kwenye Mac na Linux andika which -a python3, zitatajwa zote kwa zamu. Kwenye Windows ni where python, lakini ndani ya PowerShell, terminali nyingine ya Windows, andika where.exe, kwa sababu huko where pekee ni amri nyingine kabisa.

NEEMA: Au uiulize Python yenyewe: python -c "import sys; print(sys.executable)". Hiyo naipenda zaidi, kwa kuwa anayejibu ndiye anayefanya kazi.

JUMA: Na maktaba ziwekwe kwa python -m pip install, siyo pip peke yake. Hapo pip inakuwa ya Python ile ile uliyoiita. Ningelijua hili mapema, jioni yangu isingepotea.

NEEMA: Kuna wanaoambiwa amri haijulikani, wakaanza kusakinisha upya. Msikimbilie huko. Kwanza funga dirisha la terminali, ufungue jingine. Lililokuwa wazi tangu mwanzo bado linashika PATH ya zamani.

JUMA: Na kwenye Windows, kile kisanduku cha kuongeza Python kwenye PATH huja bila tiki. Ukikipita, Python ipo lakini neno python halifiki kwake. Jaribu neno py. Likiitika, kilichokosekana ni PATH tu.

NEEMA: Kwenye Mac na Linux nako, python ikikataa, jaribu python3 kabla ya kuhuzunika. Jina fupi lilizoeleka kuwa la Python 2, ambayo iliacha kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020, na mifumo mingi haina tena jina hilo.

JUMA: Tukishajua ni ipi, tuipe kazi. Andika python -c "import ssl, sqlite3". Ikinyamaza, ni salama.

NEEMA: Kwa nini hizo mbili?

JUMA: Zote mbili hutegemea programu za nje: ssl ni ya mawasiliano salama, sqlite3 ni ya hifadhidata. Kwa mfano, aliyejijengea Python kutoka msimbo chanzo huku OpenSSL, ambayo ssl inaitegemea, haipo anaweza kumaliza ujenzi na asipate ssl. Namba ya toleo itatokea vizuri, lakini pip itashindwa kupakua chochote kupitia https.

NEEMA: Je, lugha nyingine?

JUMA: Java ina mtego wake. java -version inajibu, mtu anafurahi, kisha javac haijulikani. Ana cha kuendeshea programu, hana kikusanyaji cha kuitengenezea. Anahitaji JDK, kifurushi chenye vyote viwili.

NEEMA: Basi wa Java aulize zote mbili, java na javac, na aangalie kama matoleo yanalingana. Asante, kaka Juma.

JUMA: Asante, dada.