Mwezi kwenye ngoma: usiku mmoja, mapigo 16

Ndugu zangu wapiga ngoma, karibuni. Mwaka 2007 msanii wa Uskoti, Katie Paterson, aliigeuza sonata ya Beethoven, muziki wa piano uitwao wa mbalamwezi, kuwa alama za Morse (nukta na vistari), akairusha mwezini kwa redio. Ilirudi baada ya sekunde kama 2.5, lakini haikurudi nzima: uso wa mwezi umejaa mashimo na vivuli, noti nyingine zikapotelea huko. Hakuyaziba mapengo. Piano inayojipiga yenyewe inanyamaza pale pale mwezi ulipomeza. Nakipenda sana kitendo hicho.

Hapa Mwanza tunaweza kuuachia mwezi kazi kubwa zaidi. Usiku wetu ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, tangu karibu saa 1 jioni. Ugawe mapigo 16, kila pigo liwakilishe dakika 45. Mwezi ukiwa juu, piga ngoma kubwa. Likiwa giza, mchezaji akanyage njuga. Njuga ndizo taa za wavuvi wa dagaa, maana mbalamwezi ikitanda dagaa hawaifuati taa, na mitumbwi mingi hulala mwaloni.

Anzeni usiku mwezi unapoandama: ngoma 1, njuga 15. Mwezi huchelewa kutua kwa wastani wa dakika 49 kila siku, basi usiku wa pili ngoma 2, hivyo hivyo hadi usiku wa 6. Usiku wa 7 rukeni hadi ngoma 8, kwa kuwa zile dakika 4 za ziada za kila siku (49 kutoa 45) zimeshajikusanya kupita nusu pigo. Msiporuka, mwezi mpevu utawakuta na pengo. Usiku wa 15 ni ngoma tupu.

Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Wanarudi walikopitia, wanaipunguza ngoma kutoka mwishoni. Sivyo! Mwezi ukishapevuka huchelewa kuchomoza, kwa hiyo giza hutangulia: usiku wa 16 njuga 1 kwanza, kisha ngoma 15. Usiku wa 17 njuga 2. Usiku wa 22 rukeni tena, njuga 8. Mvuvi akisikiliza atatambua saa ya kuwasha taa.

Mwendo ni mapigo 2 kwa sekunde. Siku 30 zinakwisha kwa dakika 4. Mwezi ukiwa wa siku 29, uacheni usiku wa 30. Ukiwepo, ni njuga 16 peke yake, na asilegeze mtu mguu: usiku huo ndio ziwa limejaa taa.